Malai ya Fundi Kapaya

Haya mabinti, kata nimewakabidhi, mwiko nimewakabidhi, na lile friji linalogoma kufunga mpaka ulipige teke nalo nimewakabidhi. Mlisema mnataka niwaachie maneno ya kazi kabla sijazama kabisa kwenye kulea vitukuu. Mie kalamu yangu ni ya kisomo cha watu wazima, herufi zangu zinakwenda kama zimekunywa, kwa hiyo mie nasema na mjukuu wangu anaandika. Habari za mshahara sisemi. Mshahara haujawahi kumfundisha mtu kazi, unamfundisha kukopa tu.

Nilianza kuuza maziwa hapa Manzese enzi za ruksa, pale maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni zimerudi, mitumba imemwagika, na kila mfanyakazi wa serikali ana mradi nyuma ya nyumba. Mama Anael alikuwaga karani mjini, Mchaga wa Machame, na nyuma ya nyumba yake kule Ubungo Kibangu alikuwa na ng'ombe wa kisasa, wale wenye mabaka, wanakula kuliko wapangaji. Maziwa yakamzidi. Akafungua kibanda huku kwetu kwenye watu wengi, akatafuta mwanamke wa kukikalia. Mie nilikuwa nimeachika, nina watoto, Mzaramo wa Kisarawe. Ng'ombe nilikuwa namfahamu akiwa kwenye mchuzi.

Siku ya kwanza Mama Anael aliniwekea sufuria kubwa jikoni, akaniambia, "Sikudhani, hiyo usiiache." Mie nikasikia nje kuna watu wanagombana. Jamani, ugomvi wa Manzese nani anaupita? Nikachungulia kidogo tu, wallahi kidogo. Niliporudi maziwa yameshapanda, yamemwagika, moto umezimika, jikoni kunanuka kama kuna mtoto kacheua. Nikajua kazi imeishia pale.

Mama Anael hakufoka. Akasema, "Maziwa ni kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukigeuka tu, ameshaanguka. Haya, nani alishinda?"

"Nani alishinda wapi, Mama?"

"Huko nje. Si uliacha maziwa yangu ukaenda kutazama? Angalau nijue nimelipia nini."

Ndiyo nikampenda siku hiyo hiyo.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Sufuria, kata, kitambaa cha marekani cha kuchujia, ambacho kilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila siku, hata kama umechoka, hata kama una msiba. Na kipima, kile kijiti cha kioo chenye uzito chini, unakitumbukiza kwenye maziwa kinaelea. Yakiwa yametiwa maji, kijiti kinazama zaidi. Bwana Afya alipopitaga kukagua alitufundisha jambo moja ambalo nyie msilisahau. Alisema, "Ukitoa malai, ule utando wa mafuta wa juu, kijiti kinaelea juu zaidi. Kwa hiyo mjanja anatoa malai kwanza, halafu anatia maji, kijiti kinakaa pale pale panapotakiwa, na mteja anaambiwa maziwa kamili. Kioo kinajua uzito tu. Mafuta hakiyajui. Tumieni na macho, na ulimi."

Wateja wao kipima hawakukijali. Wao walikuwa na kucha. Anachovya kidole, anadondosha tone kwenye ukucha wa dole gumba, anauinamisha. Tone likikaa, maziwa. Likikimbia, maji, na wewe ni mwizi, na mama yako ni mwizi. Halafu wanatazama utando wa juu. Bilauri ikiletwa haina malai, mtu anauliza kwa sauti, "Leo ng'ombe kaoga?" Kila mtu anacheka, ila akitoka hapo hasahau. Kibanda cha maziwa kinakufa kwa mzaha kama huo. Mtaa wa pili kulikuwa na mwenzetu, mzaha ulimfukuza ndani ya mwezi, na sijui hata kama alitia maji kweli.

Ile malai inayobaki juu ya sufuria tulikuwa hatutupi. Tunaikusanya inachachuka kidogo, tunaisukasuka mpaka siagi inajitenga, tunaiyeyusha motoni taratibu tunapata samli. Sie watu wa Pwani na samli, mnatujua. Chupa ikikaa kwenye rafu haifiki jioni.

Sasa ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda, alikuwa anakaa Fundi Kapaya na cherehani yake. Mnyamwezi wa Tabora, Muislamu mzuri, mpole, mwenye kitambi cha heshima. Alikuwa anasema fundi mwembamba usimpe kitambaa, maana kama mwenyewe hashibi, atakula mita zako. Na kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na mie ni Mzaramo, tulikuwa watani, na utani wetu kibanda kizima kiliungoja kama taarifa ya habari. Anaingia asubuhi, anapiga meza.

"We Mzaramo! Maziwa umeyajulia wapi? Kwenu si mnakamua minazi?"

"Karibu, mpagazi. Mzigo umetua wapi?"

"Mzigo ni huu," anapiga kitambi chake. "Nimeubeba toka Tabora, hakuna wa kunipokea."

Anakunywa bilauri ya moto yenye malai imesimama juu, na chapati. Jioni anarudi anakunywa mgando. Mteja wa namna hiyo ni nguzo ya kibanda.

Siku moja akaingia hajapiga meza. Akapita moja kwa moja mpaka jikoni nilipokuwa nakoroga, akasimama karibu na ndoo. Nikamwambia, "Vipi, mpagazi, umekosa wa kukutua?" Hakujibu utani. Mabinti, mtani asipojibu utani, kaeni chini.

Akasema taratibu, "Sikudhani, nimetoka hospitali. Nilikuwa naona kizunguzungu, cherehani inakuwa mbili. Wamenipima. Presha imepanda, na damu yangu ina mafuta mengi. Daktari kanikalisha akaniuliza nakula nini. Nikamtajia. Mie namtajia, yeye anafumba macho."

"Kasemaje?"

"Chumvi nipunguze. Nyama yenye mafuta nipunguze. Nitembee. Nikamwambia, daktari, maziwa je, mie bila maziwa sishoni. Akasema maziwa usiache, malai uache. Kunywa yasiyo na mafuta."

"Basi hilo dogo."

"Si dogo. Watu wasijue. Hata Mwantumu asijue."

Mwantumu ndiye mkewe, mwanamke wa Kirufiji, mpishi, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nikamuuliza kwa nini afiche hata kwake.

"Mwantumu akijua saa mbili, saa tatu mtaa mzima umejua. Na sasa hivi ni Shaabani. Vitambaa vya Idi ndiyo vinaingia. Nani atampelekea kitambaa cha Idi fundi anayeweza kufa kabla ya Idi?"

Nilitaka kucheka, ila nilimtazama usoni nikaona anasema kweli. Chakula cha nyumba ile cha nusu mwaka kilikuwa kinatoka kwenye vitambaa vya Idi. Nikamwambia, sawa, mtani, midomo yangu nimeipiga pindo.

Nikatafuta kisufuria kidogo chenye mfuniko wa bluu. Kila jioni nachemsha ya kwake, nakiweka kwenye karai la maji baridi kipoe haraka, nakifunika kwa kitambaa kilicholowana. Alfajiri malai imeshaganda juu kama ngozi. Naiinua kwa kijiko. Nachemsha tena, napoza tena, naiinua tena. Mafuta yote hayatoki kwa mkono, msidanganyane, haya ya pakiti yanatolewa kwa mashine. Ila yanatoka mengi.

Nikaonja. Loo! Yalikuwa kama maziwa uliyosimuliwa na mtu. Fundi naye siku ya kwanza alimeza, akanong'ona, "Haya ni maziwa, au ni maji yaliyotazamwa na ng'ombe?"

"Kunywa."

"Nakunywa. Nauliza tu."

Roho yangu haikutulia, nikaona nisije nikamnyima mtu lishe. Nikamuuliza nesi wa zahanati, bila jina, nikasema nina jamaa yangu. Yule dada alinieleza vizuri sana. Alisema kile kinachojenga mifupa na mwili kimebaki humo humo kwenye maziwa, kilichotoka ni mafuta. Mtu aliyekatazwa mafuta hayamdhuru, yanamfaa. Halafu akaongeza, "Ila mwambie jamaa yako maziwa peke yake si dawa. Asije akayatoa kwenye kikombe akayarudisha kwenye sahani."

Nikafikisha ujumbe. Fundi akaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wanaume wakiitikia mara tatu hawajasikia.

Maana siku ile ile mchana, nani kaja kununua samli? Bi Mwantumu. "Bi Sikudhani, nipe chupa ile kubwa. Mume wangu siku hizi mnyonge, namuona kama anapungua. Nataka nimpikie wali wa samli, nimnoneshe."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chupa. Nikakumbuka samli hiyo imetoka wapi. Jamani! Ndani ya chupa ile kulikuwa na malai ya kisufuria cha bluu. Asubuhi naitoa kwenye bilauri ya fundi, mchana mkewe anainunua, usiku anamlisha kwa kijiko. Mafuta yanatoka mlangoni yanaingilia dirishani, na mie ndiye ninayeuza nauli.

Nikasema, "Imekwisha, dada."

"Si hiyo hapo?"

"Hiyo ina mwenyewe."

Akanitazama. Akaondoka. Kesho akarudi, nikasema imekwisha. Kesho kutwa vilevile. Nikamshika fundi nikamwambia, mwambie mkeo, mie nitamnyima samli mpaka lini? Akasema ngoja Shaabani ipite. Nikamwambia basi usile huo wali. Akasema, "Nikisusa atajua."

Sasa jiwekeni pale alipo Bi Mwantumu. Mwanamke wa kibandani, aliyeachika, anakunyima samli anayoiuzia watu wengine. Mumeo anaingia pale asubuhi na jioni, hakai tena mbele na wenzake, anakaa nyuma jikoni. Ana kisufuria chake peke yake, kina mfuniko wake. Wananong'ona. Ungefikiri nini? Mie ningefikiri hivyo hivyo, tena ningefikiri mapema zaidi.

Alikuja Jumamosi asubuhi, kibanda kimejaa hadi watu wamesimama. Kanga moja kajifunga kiunoni, imekazwa. Hakutoa salamu. Mkiona mwanamke wa Kirufiji ameingia mahali bila salamu, sogezeni vyombo vya kuvunjika.

"Bi Sikudhani, samli ipo?"

"Imekwisha, dada."

"Na ile?"

"Ile ina mwenyewe."

"Aa, ina mwenyewe. Na mume wangu je, hana mwenyewe?"

Kulikuwa na mtu anatafuna andazi, akasimamisha taya. Fundi yuko nyuma na bilauri yake mkononi, ameganda.

Nikasema, "Dada Mwantumu, yule ni mtani wangu, unajua."

"Utani nao una sufuria? Mie nimezaliwa kwenye watani, sijaona utani unaofunikwa mfuniko wa bluu!" Akapita mpaka nyuma, akamnyang'anya mumewe bilauri. Alitaka nadhani aone ninampa kitu gani kitamu asichopewa mwingine. Akatazama. Akachovya kidole, akadondosha kwenye ukucha, akainamisha. Tone likakimbia mpaka kwenye kiganja.

Sura yake mlitakiwa muione. Alikuja na hasira moja, ghafla akawa na mbili hajui aanze na ipi.

"Maji!" akapiga ukelele. "Jamani njooni muone, ni maji! We mwanamke, mie nilidhani umemchukua mume wangu unamnonesha, kumbe hata kumnonesha humnoneshi!"

Wengine walicheka. Ila mie niliona kitu kibaya kuliko kicheko. Niliona watu wanatazama bilauri zao. Mmoja akadondosha tone kwenye ukucha. Mwingine akaweka yake chini, akasema, "Ndiyo maana siku hizi nasikia njaa mapema." Wakati ule ule, Mama Anael akaingia na madumu ya asubuhi.

Akauliza kuna nini. Wakamjibu kumi kwa pamoja. Yeye hakubishana, akachukua bilauri ya fundi, akaongeza na yaliyobaki kwenye kisufuria, akaweka kwenye jagi refu, akatoa kipima kwenye mkoba. Kijiti kikaelea, tena juu juu.

"Maji hayamo," akasema. Nikavuta pumzi. Bado haijashuka, akaendelea, "Ila malai haimo vilevile. Imetolewa yote. Sikudhani, kwa nini mteja wangu anauziwa maziwa yaliyochunwa?"

Nikaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Nakuuliza. Watu hawa wananiamini kwa sababu yako. Nilikufundisha kumpunja mtu?"

"Hapana, Mama."

"Basi niambie sababu. Kama huna, kata iweke mezani, nitakaa mwenyewe leo."

Mabinti, kata ile niliishika. Watoto wangu walikuwa wanakula kwa kata ile. Sababu nilikuwa nayo mdomoni, neno moja tu, na mwenye sababu yuko hapo nyuma anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye lundo la vitambaa vya Idi juu ya cherehani yake. Nilijua anahesabu nini. Siri ya mteja si yangu. Anakunywa, anakwambia ya moyoni, anaondoka, na wewe unabaki nayo kama mabaki ya sufuria. Nikaiweka kata mezani. Nikaanza kufungua aproni.

"Mama, mwache," fundi akasema.

Hakusema kwa nguvu, ila wote wakageuka.

"Hayo maziwa nimeyaagiza mimi. Nina presha. Na mafuta kwenye damu. Daktari kanikataza malai. Nilimwapisha asimwambie mtu, na ndiyo maana anatukanwa hapa kama mwizi, naye kanyamaza. Mie ndiye niliyemziba mdomo."

Macho yakahamia kwenye lundo la vitambaa. Halafu mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye kitambaa chake kilikuwa juu kabisa ya lundo, akasema kwa sauti ndogo, "Pole sana, fundi. Kwa hiyo... gauni langu la Idi?"

"Limeshakatwa. Nikifa utavaa vipande."

"Hafi huyu!" Bi Mwantumu akadakia. "Hafi kabla sijamuua mwenyewe!" Ila akaketi kwenye benchi. Akamtazama mumewe. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa Shaabani."

"Na wali wa samli nilioupika kwa samli ya dukani, baada ya huyu kuninyima?"

"Nilikula."

"Wote?"

"Wote."

"Mwanaume umekatazwa mafuta, unaona mkeo anakumiminia, kwa nini ukala?"

Fundi akafikiri. "Ulikuwa mtamu."

Hapo kibanda kilipasuka. Yule wa andazi alicheka mpaka akapaliwa ikabidi apigwe mgongo. Bi Mwantumu alijizuia, alijizuia, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na mie nafikiri machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Akanigeukia.

"Na wewe! Si ungenikonyeza tu?"

"Ningekukonyeza ungesema nakukonyezea mumeo."

"Ni kweli," akasema. "Ningesema."

Mama Anael akaokota kata mezani akanirudishia mkononi. Neno la samahani hakuwa nalo, wale watu wa kazi hawanalo, ila alisema, "Kuanzia leo hicho kisufuria kikae mbele, watu wakione. Kitu kisicho na malai kiitwe hivyo hivyo, hakina malai. Kisiri siri ndiyo kilichotuponza." Huo ndiyo mwanzo wa sufuria mbili mnazoziona mpaka leo. Mfuniko mwekundu kamili, mfuniko wa bluu imetolewa. Malai ikitolewa, toeni mteja akiona.

Vitambaa vya Idi? Mtu mmoja tu alikuja kuchukua chake, simtaji, akampelekea fundi mwingine, akarudi Idi na kanzu yenye mkono mmoja mrefu. Waliobaki walimwachia Kapaya, na nadhani walimwogopa Mwantumu kuliko kifo. Kila aliyepita pale alisimama kumuuliza, "Fundi, umetembea leo?" Alisema afadhali alipokuwa anaumwa peke yake, sasa anaumwa na mtaa mzima.

Na wanawake wa mtaa walishituka. Wakawa wanawatazama waume zao wenye vitambi vya heshima kwa jicho jipya. Zahanati ikajaa wanaume waliosukumwa kutoka nyuma. Wengine walikutwa wazima, wengine waliungana na fundi kwenye benchi la wanywaji wa bluu, wananuna pamoja.

Tatizo la binadamu, kitu kikiwa kizuri kwa mmoja kila mtu anakitaka. Yasiyo na malai yakawa ya kisasa. Siku moja akashuka dada mmoja kwenye gari dogo, katoka Mbezi Beach, mzuri, ananukia, kasikia habari zetu kwa dada yake wa kazi. Anataka ya mfuniko wa bluu ya mtoto wake. Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Ndiyo kwanza kaachishwa ziwa. "Sitaki anenepe ovyo," akasema. Nikamwambia, dada, mie shule yangu fupi, mtoto wako simpangii, ila kabla sijakuuzia ngoja tumuulize nesi. Tukavuka naye mpaka zahanati. Nesi akamwambia mtoto mdogo vile anahitaji mafuta ya maziwa, ndiyo yanamkuza mwili na ubongo, yaliyotolewa malai yaache kwa watu wazima walioambiwa. Dada wa watu akashukuru, akanunua ya mfuniko mwekundu, na akawa mteja wetu miaka mingi.

Siku hizi wajukuu wananisomea kwenye simu, wataalam wenyewe wanabishana. Leo malai adui, kesho malai si mbaya hivyo. Mie sibishani nao. Nawaambia nyie, kazi yetu si kumchagulia mtu. Kazi yetu ni kumuuzia kile kile tulichomwambia. Mtoto mdogo, mpeni kamili. Aliyetoka kwa daktari, mpeni alichoambiwa na daktari wake, na muulizeni nyumbani anapikiwa na nini.

Basi, Fundi Kapaya kizunguzungu kilipungua, cherehani ikarudi kuwa moja, na kitambi kikashuka kidogo, akalazimika kuikata upya ile methali yake ya fundi mwembamba. Bi Mwantumu akawa anamsindikiza kila asubuhi kuhakikisha. Anakaa naye benchi moja, anamwagizia ya bluu, yeye anajiagizia ya mfuniko mwekundu, inafuka, malai imesimama. Anakunywa taratibu. Anajiachia sharubu nyeupe makusudi.

Fundi akavumilia, akavumilia. Siku moja akasema, "Mwantumu, unanitesa."

"Mie daktari hajanikataza."

"Hajakukataza kwa sababu hujaenda. Nenda na wewe ukapimwe."

Watu wote wakamuunga mkono fundi, haki ni haki. Bi Mwantumu akainuka, akafunga kanga, akavuka barabara kwenda zahanati. Tukangoja. Fundi hata chapati yake kavu hakuigusa, macho kwenye mlango. Akarudi anatembea pole pole, kainamisha kichwa, mkono kifuani. Fundi akasimama, rangi imemtoka. "Wamesemaje?"

Bi Mwantumu akaketi. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akanyoosha bilauri yake kwangu.

"Mzima kama mbuyu," akasema. "Bi Sikudhani, ongeza. Na ile malai ya bwana usipikie samli, nimiminie humu humu."